Dinari ya Kaisari au rupia ya Mjerumani? Jinsi ya kuisoma sarafu ya fedha ya Kirumi

Mzee mmoja wa Tanga aliwahi kunifungulia fundo la kitambaa ambalo ndani yake mlikuwa na sarafu moja kubwa, nzito, iliyopoteza weupe wake kwa kukaa sandukuni miaka mingi, akaniambia kwa yakini kwamba ni sarafu ya Warumi. Yakini hiyo ilikuwa na sababu zake. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mtu aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na kuzunguka kichwa hicho palikuwa na maneno ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Bila shaka aliyewasomea maneno hayo kwa mara ya kwanza aliona "imperator" akataja Roma, na habari ikapokewa hivyo kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu. Kumbe huyo Guilelmus ni Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, na sarafu yenyewe ni rupia iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani miaka mia na ushee tu iliyopita. Ukiigeuza unamwona simba amesimama mbele ya mti kama mnazi, na mwaka umeandikwa kwa tarakimu.

Mkanganyiko wa namna hii ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani, na simu zimeuongeza. Picha ya kitu cha mviringo chenye kichwa cha mtu hutumwa kutoka kundi moja hadi jingine, na swali la kwanza huwa ni lile lile: ni bei gani? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la mwisho. Sarafu ya kale ni maandishi, tena maandishi mafupi yaliyobanwa, na anayetaka kujua ana nini mkononi hana budi kuisoma kwanza: ni ya nani, ya lini, na ndani yake mna madini gani.

Kabla ya kuendelea, tuwekane sawa kuhusu maneno. Kiswahili kinatumia neno "fedha" kwa maana mbili, yaani madini meupe yanayofuliwa na sonara na pia mali ya kununulia vitu. Katika makala haya "fedha" ni madini, na mali ya kununulia nitaiita "pesa". Neno "dinari", ambalo wasomaji wengi wanalijua kutoka kwenye Injili na ambalo waliofanya kazi Kuwait au Bahrain wamelipokea kama mshahara, asili yake ni jina la Kilatini, denarius, lenye maana ya "yenye kumi", kwa sababu hapo mwanzo dinari moja ilikuwa sawa na sarafu kumi za shaba zilizoitwa asi. Waarabu walilichukua jina hilo wakalipa sarafu yao ya dhahabu. Hata "fulusi" ina mizizi huko huko, kwa maana inatokana na follis, sarafu ya shaba ya Warumi wa zama za mwisho. Kwa kifupi cha miaka, KK ni kabla ya Kristo na BK ni baada ya Kristo.

Fedha iliyokuwa ikitiwa maji

Dinari ilianza kutengenezwa mjini Roma yapata mwaka 211 KK, wakati wa vita vikali dhidi ya Hannibal wa Carthage, na za kwanza zilikuwa na uzito wa karibu gramu 4.5 za fedha iliyo karibu kuwa safi kabisa. Upande wa mbele kulikuwa na kichwa cha Roma, mji uliochorwa kama mwanamke mwenye kofia ya vita yenye mabawa, na nyuma yake alama X, yaani kumi. Uzito ulishuka mapema hadi karibu gramu 3.9 na ukatulia hapo kwa muda mrefu. Mwaka 64 BK mtawala Nero akaupunguza tena hadi karibu gramu 3.4, na safari hii akaongeza shaba ndani ya fedha.

Kuanzia hapo hadithi inafanana na ya muuza maziwa ambaye leo anaongeza kikombe kimoja cha maji, kesho viwili, na wateja hawagundui mpaka maziwa yanapobadilika rangi. Septimius Severus, mtawala mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuwa na jeshi kubwa la kulipa, na katika utawala wake dinari ilifika mahali ambapo karibu nusu yake ilikuwa shaba. Mwanawe Caracalla, mwaka 215, alileta sarafu mpya ambayo wataalamu wa leo wanaiita antoniniano. Wengi wanakubaliana kwamba ilihesabiwa kuwa dinari mbili, ilhali fedha iliyokuwa ndani yake haikufika hata ya dinari mbili. Ndiyo kusema serikali ilimpa askari pungufu na kumwambia ahesabu kamili. Miaka hamsini baadaye, chini ya Gallienus na Claudius wa Pili, antoniniano ilibaki na fedha chini ya asilimia 5. Ilikuwa shaba yenye ngozi nyembamba ya fedha, kama vile pete za kuchovya zinazouzwa mitaani, na ngozi hiyo ilitoka baada ya kupita mikono michache.

Diocletianus alijaribu kurudisha heshima mwaka 294 hivi kwa sarafu ya fedha safi, arjenteo, na baadhi yake zina alama XCVI, yaani 96, idadi ya sarafu zilizotengenezwa kutoka ratili moja ya Kirumi. Katika karne ya nne ikafuata sarafu nyembamba ambayo wakusanyaji huiita silikwa.

Nimeieleza historia hii kirefu kidogo kwa sababu inafuta dhana moja inayowapotosha wengi, kwamba sarafu ya Kirumi "ya fedha" ikionekana nyekundu ni bandia. Kama ni ya miaka ya 260, wekundu huo ndio hali yake ya kweli. Vivyo hivyo uzito: mtu akikuletea "dinari" yenye gramu 11 na nusu, kabla hujasoma herufi hata moja unajua si dinari. Rupia ya yule mzee ina gramu 11.66. Dinari ni kitu kidogo, kama ukucha wa kidole gumba.

Sarafu moja mkononi

Tuchukue sasa dinari moja ya kawaida tuisome polepole. Upana wake ni milimita 19, uzito ni gramu 3.2, na mduara wake haukukamilika vizuri. Ukingo umepasuka kidogo mahali pamoja. Kasoro hizo ni za kutarajiwa, kwa sababu sarafu hizi zilipigwa kwa nyundo: kidonge cha fedha kiliwekwa juu ya mhuri wa chini uliokazwa kwenye fuawe, mhuri wa pili ukashikwa juu yake, na fundi akapiga. Mkono ukiteleza, kichwa kinakaa pembeni na nusu ya maandishi inaanguka nje.

Kichwa kinatazama kulia. Kimevikwa taji la majani lililofungwa kwa utepe kisogoni, nywele zimechanwa kuja kwenye paji la uso, na kidevu hakina ndevu. Taji la majani linatuambia hii ni dinari, kwa kuwa antoniniano humvika mtawala taji la miale mfano wa jua, na kama ni mwanamke huwekwa juu ya mwezi mwandamo. Kidevu kisicho na ndevu kinaelekeza, kwa jumla, kabla ya Hadrianus aliyetawala 117 hadi 138, maana ni yeye aliyefanya ndevu kuwa desturi ya watawala waliomfuata.

Maandishi yanaanzia chini upande wa kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa, bila nafasi kati ya maneno: IMPTRAIANOAVGGERDACPMTRP. Mtu akiyatazama kwa mara ya kwanza huona msitu. Tuyakate. IMP ni imperator, amiri jeshi. TRAIANO ni "kwa Traianus", jina la mtawala. AVG ni Augusto, cheo cha mtawala mkuu. Kilatini cha kwenye sarafu huandika V mahali pa U. GER na DAC ni vyeo vya ushindi, dhidi ya Wajerumani wa kale na dhidi ya watu wa Dacia, nchi iliyokuwa katika Romania ya leo. PM ni kuhani mkuu. TRP ni mamlaka ya mtetezi wa raia wa kawaida, cheo ambacho mtawala alikihuisha kila mwaka, na pale kinapofuatwa na namba kinasaidia kuupata mwaka wenyewe.

Geuza. COSVPPSPQROPTIMOPRINC. Hapa COS ni konsuli, cheo cha juu katika serikali ya Roma, na V inayofuata si herufi bali ni tano: konsuli kwa mara ya tano. PP ni pater patriae, na msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo, maana tafsiri yake ni Baba wa Taifa. SPQR ni Seneti na Watu wa Roma. OPTIMO PRINC ni "kwa kiongozi aliye bora". Kumbe pande zote mbili ni sentensi moja ndefu, ambayo kwayo Seneti na watu wanamtunuku Traianus vyeo vyake. Na kwa kuwa Traianus alikuwa konsuli kwa mara ya tano mwaka 103 na mara ya sita mwaka 112, sarafu hii ilipigwa kati ya 103 na 111. Tumeupata muda wake bila tarakimu hata moja ya kalenda yetu. Hakuna sarafu ya Kirumi iliyoandikwa mwaka kwa tarakimu tulizozizoea, sembuse iliyoandikwa "KK", kwa sababu ambayo naamini msomaji ameshaiona.

Katikati ya upande huo wa nyuma yupo mwanamke mwenye mizani mkono mmoja na pembe iliyojaa matunda mkono mwingine. Ni Aequitas, yaani uadilifu wa vipimo. Warumi walipenda kuchora sifa njema kama wanawake: Pax, amani, hushika tawi la mzeituni, na Victoria, ushindi, ana mabawa. Huyu wa mabawa ndiye ambaye mara nyingi huitwa "malaika" na wauzaji, kisha sarafu hupewa jina la kidini na bei ikapanda.

Akina Antoninus wengi

Ugumu wa kweli unaanza pale jina linapoonekana wazi na bado halitoshi. Neno ANTONINVS limo kwenye sarafu za watawala kadhaa, sawa na ukoo ambao kila kizazi kina Juma wake. Severus alijitangaza kuwa mwana wa mtawala Marcus Aurelius aliyekuwa amekwisha kufa, ili apate uhalali wa kukalia kiti, na mwanawe mkubwa akampa jina Antoninus. Huyo mwana ndiye Caracalla, lakini jina "Caracalla" hulikuti kwenye sarafu zake, kwa kuwa lilikuwa la utani, la aina ya joho alilopenda kuvaa. Baadaye akaja kijana wa Syria tunayemwita Elagabalus, naye akajiita Antoninus vile vile.

Wanatofautishwa kwa vitu vidogo. Antoninus Pius, mtawala wa kwanza wa jina hilo, huandika AVG PIVS, yaani cheo kwanza na sifa baadaye. Caracalla na Elagabalus hugeuza, PIVS AVG. Ukiona GERM baada ya hapo, ni Caracalla wa kuanzia 213. Ukiona BRIT, ni Caracalla tena, kuanzia 210. Elagabalus mara nyingi huanza na IMP, na kwenye sarafu zake nyingi kuna nyota ndogo pembeni ya picha. Marcus Aurelius huandika M kabla ya ANTONINVS. Kisha uso unathibitisha: Pius ni mtu mzima mtulivu mwenye ndevu zilizotunzwa, na Caracalla wa miaka ya mwisho amekunja uso kama aliyetukanwa sokoni.

Asiyetaka kubahatisha anaweza kutumia OCRE, kanzidata ya bure kwenye intaneti inayosimamiwa na American Numismatic Society ya Marekani. Unaandika herufi chache unazoziona, inakuletea sarafu za watawala zinazolingana, pamoja na picha.

Bandia za kale na bandia za jana

Kughushi dinari ni kazi ya zamani sana. Tayari wakati wa Roma ya Seneti, kabla ya makaisari, kulikuwa na watu waliofunika kidonge cha shaba kwa karatasi nyembamba ya fedha na kukipiga mhuri, na ndiyo maana dinari nyingi halali zina vijialama vya kuchomwa juu yake: wabadilishaji pesa walikuwa wakipima kama ndani ni nyeupe. Bandia hizo za kale leo nazo hukusanywa, na zina soko lake.

Bandia za kisasa ni jambo jingine. Nyingi zimesubiwa, yaani madini yameyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kwa lenzi ya fundi saa utaona vitundu vya mapovu kwenye uwanja wa sarafu, herufi zenye kingo za mviringo mfano wa sabuni iliyotumika, na pengine mstari ukingoni pale ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Njia nyingine ni kulinganisha. Mhuri mmoja uliweza kupiga maelfu ya sarafu zenye picha moja, lakini haiwezekani sarafu mbili zikapasuka mahali pale pale na kuwa na umbo lile lile la ukingo. Ukiziona mbili hivyo, angalau moja ni nakala. Sumaku inasaidia upande mmoja tu: ikinasa, basi ndani mna chuma na mjadala umekwisha, isiponasa haijathibitisha kitu, kwa sababu shaba, risasi na bati nazo hazinaswi.

Neno moja kuhusu usafi. Nimeona watu wakisugua sarafu za kale kwa majivu, ndimu na dawa ya meno mpaka ziking'aa kama kijiko kipya. Wanachoondoa ni ngozi ya juu ambayo wakati umeitengeneza, pamoja na mistari myembamba ya nywele na herufi ambayo ndiyo msingi wa kuitambua. Fedha iliyokaa ardhini karne nyingi pia huweza kuwa dhaifu ikavunjika kama biskuti. Maji safi na kitambaa laini vinatosha, na kilichobaki aachiwe mtaalamu wa makumbusho.

Kwa nini kitu cha miaka elfu mbili huwa rahisi

Watu hushangaa, hata hukasirika, wakiambiwa kwamba dinari ya kawaida ya Traianus au Hadrianus huweza kupatikana kwa dola mia moja au mia mbili, na antoniniano zilizochakaa kwa dola chache. Sababu ni wingi. Askari wa mtawala Augustus alilipwa dinari 225 kwa mwaka. Kikosi kimoja cha watu elfu tano kilihitaji mshahara wa thamani ya dinari zaidi ya milioni moja kila mwaka, na vikosi vya namna hiyo vilizidi ishirini. Pesa hizo zilizikwa kwenye mitungi kila palipotokea hofu. Mwaka 2010, huko Frome katika Somerset, Uingereza, mtungi mmoja ulikutwa na sarafu 52,503, nyingi zikiwa antoniniano za karne ya tatu. Mtungi mmoja!

Kinachopandisha bei ni uchache, hali ya sarafu, na wakati mwingine hadithi. Dinari ya Tiberius huuzwa ghali kuliko zinazolingana nayo kwa sababu inasemekana ndiyo aliyoonyeshwa Yesu alipoulizwa kuhusu kodi. Ni dhana yenye mantiki, kwani Tiberius ndiye aliyekuwa akitawala, lakini katika kisa hicho Injili haimtaji kwa jina. Vile vipande thelathini vya Yuda navyo, kwa maoni ya wanahistoria wengi, havikuwa dinari bali shekeli za mji wa Tiro, sarafu za gramu 14 hivi.

Hata sarafu ya kweli huweza kumponza mnunuzi. Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, alitoa mwaka 42 KK sarafu yenye visu viwili na maneno EID MAR, tarehe ya mauaji. Nyingi zilikuwa dinari za fedha, chache dhahabu. Moja ya dhahabu iliuzwa London mwaka 2020 kwa kiasi cha dola milioni 4, kisha ikabainika kuwa maelezo ya ilikotoka yalighushiwa, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Nchi kama Italia, Uturuki na Misri zinahesabu vilivyomo ardhini kuwa mali ya taifa, kwa hiyo muuzaji asiye na karatasi za kuonyesha sarafu ilipitia wapi hafai kuaminiwa hata kama sarafu yake ni safi.

Je, moja inaweza kuokotwa pwani yetu? Kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya kwanza BK, Periplus, kinaitaja bandari ya Rhapta iliyokuwa mahali fulani katika mwambao huu, na kinaorodhesha bidhaa zilizoletwa: mikuki, mashoka, visu, misharasi ya kutobolea, vitu vya kioo. Sarafu hazimo. Pesa kidogo zinatajwa kaskazini zaidi, Malao, ambako leo ni Berbera, na dinari nyingi zilipita hadi India ya kusini, ambako mafungu ya dinari za Augustus na Tiberius yamefukuliwa. Kwa hiyo sarafu ya Kirumi Kilwa au Bagamoyo si jambo lisilowezekana, ila ingekuwa nadra, na thamani yake kubwa ingekuwa katika tabaka la udongo ilimolala na vigae vilivyokuwa kando yake. Atakayeikuta aiache hapo ilipo, aipige picha pamoja na rula, kisha aite maofisa wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 na sheria ya makumbusho ya Kenya ya mwaka 2006 zinataka ugunduzi wa namna hiyo utolewe taarifa.